Friji Haili Gesi

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu friji ya nyumbani, na hasa kauli moja fupi ambayo kila msimu wa joto huwatoa watu pesa: “Gesi imeisha.”

Kisa chenyewe unakijua. Friji imeanza kulegea. Maji ya kunywa hayashiki ubaridi, maziwa yamekatika kabla ya siku yake, barafu za ukwaju zilizotakiwa kuuzwa leo bado ni maji ndani ya vifuko. Anaitwa fundi. Fundi anagusa ndani, anazunguka nyuma, anasikiliza mota, anatikisa kichwa. “Mama, hapa gesi imeisha.” Pesa inatoka, mtungi unaletwa, gesi inajazwa, friji inanguruma na kugandisha, kila mtu anafurahi. Baada ya miezi michache mambo yanarudi palepale. Anaitwa fundi mwingine, naye anasema yaleyale.

Msikilizaji, friji haili gesi. Gesi ya jikoni tunaiwasha, inaungua, inakwisha, tunabadili mtungi. Gesi ya friji kazi yake ni kuzunguka tu. Kompresa, ile mota nyeusi iliyokaa chini kwa nyuma, inaikandamiza mpaka inapata moto. Ikiwa ya moto hivyo inapita kwenye wavu mweusi mgongoni mwa friji, inaliacha joto lake hapo, inageuka kimiminika. Kimiminika hicho kinapenya kwenye kijibomba chembamba sana na kutokea upande wa friza, ambako mgandamizo ni mdogo. Huko kinachemka, ndiyo, kinachemka kwenye baridi, na kwa kuchemka kinanyonya joto la samaki wako na la maji yako. Kisha kinarudi kwenye kompresa kikiwa gesi, na safari inaanza upya. Mabomba hayo yamechomelewa na kufungwa kiwandani. Gesi iliyotiwa siku ya kwanza inaweza kuzunguka miaka 15, hata 20, bila kuongezwa. Ikiwa kweli imepungua, basi kuna mahali panapovuja.

Jambo la pili la kushika ni kwamba friji haitengenezi baridi. Inatoa joto. Joto linaingia kila dakika kupitia kuta, mlango na sufuria ya mchuzi iliyowekwa ikiwa bado inafuka moshi. Kompresa inalichota na kulimwaga nje, mithili ya baharia anayefua maji ndani ya mashua. Maji yakiingia kwa kasi kuliko anavyofua, chombo kitazama hata kama ndoo yake ni nzima. Kwa hiyo friji ikilegea, swali la kwanza ni joto linaingilia wapi na linazuiwa wapi kutoka. Gesi iwe mtuhumiwa wa mwisho. Mbele yake wako wanne, na wote hao unaweza kuwakagua mwenyewe kabla hujampigia fundi simu.

Tuanze na mlango. Chukua noti, iweke kwenye ukingo wa friji, nusu ndani nusu nje, funga mlango, kisha ivute. Ikikaza, raba ya mlango inabana vizuri. Ikichomoka kirahisi, hapo pana upenyo. Zunguka mlango mzima, hasa pembe za chini, maana ndizo zinazochoka mapema. Mara nyingi raba haijafa, imechafuka tu. Soda na juisi zikimwagika hukauka na kunata, halafu kila unapovuta mlango raba inavutwa na kuchanika. Osha mikunjo yake kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, futa ile kuvu nyeusi, kausha. Raba iliyopinda huweza kurudi ukiikanda kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya moto. Ikiwa imepasuka, inauzwa peke yake. Hakuna haja ya kubadili mlango, sembuse friji. Tazama pia miguu: ile ya mbele ikiinuliwa kidogo kuliko ya nyuma, mlango ukiuachia unajifunga wenyewe.

Halafu kuna taa. Fungua mlango, bonyeza kwa kidole kile kitufe kinachosukumwa na mlango ukifungwa. Taa isipozima, jua kwamba inawaka usiku kucha ndani ya friji, na balbu ya zamani ya waya ni jiko dogo. Wapo waliojaziwa gesi kwa sababu ya kitufe kilichokwama.

Kwa sisi tunaokaa pwani, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, upenyo wa mlangoni una adhabu mara mbili. Hewa yetu ina unyevu mwingi. Ikiingia inaleta joto, na ule unyevu unakwenda kuganda kwenye friza. Ukiona barafu inajaa wiki hadi wiki bila sababu, rudi kwenye raba.

Mtuhumiwa wa pili ni mgongo wa friji. Ule wavu mweusi unatakiwa kuwa wa moto, maana ndipo joto la ndani linapotokea. Sasa tazama tunavyoufanyia. Friji imesukumwa hadi ukutani ili sebule ipendeze, juu imefunikwa kitambaa cha kufuma kinachoning’inia hadi nyuma, na juu ya kitambaa kuna mabunda ya magazeti na ua la plastiki. Nyuma huko vumbi limeshikana na mafuta ya kukaangia mpaka limekuwa blanketi. Joto halina pa kupita. Kompresa inazunguka bila kupumzika, uniti za umeme wa LUKU zinayeyuka, na maji bado ni vuguvugu.

Dawa yake ni rahisi. Acha nafasi ya kama sentimita kumi nyuma, na ya kutosha juu na pembeni. Iweke mbali na jiko na mbali na dirisha linaloingiza jua la mchana. Mara mbili kwa mwaka, chomoa plagi, ivute friji mbele, usugue mgongo kwa brashi laini kavu. Ukikuta friji yako haina wavu nyuma, usishangae. Nyingi za siku hizi mabomba ya kutolea joto yamefichwa ndani ya kuta za ubavuni, na ndiyo maana ubavu unakuwa wa moto. Huo si ugonjwa. Ugonjwa ni kuibana kati ya kabati mbili.

Mtuhumiwa wa tatu ni barafu yenyewe. Watu wengi huona barafu nene kwenye friza wakadhani ni dalili ya nguvu, kumbe barafu nene ni kizuizi. Inajitanda kati ya bomba la ubaridi na nyama yako, na kuzuia joto la nyama lisifike kwenye bomba. Ikifika unene wa nusu sentimita, zima friji, toa vitu, acha mlango wazi, weka ndani bakuli la maji ya moto, subiri. Tafadhali weka kisu mbali. Ukuta wa friza kwenye friji nyingi ni bati jembamba la alumini lenye njia za gesi ndani yake. Ncha ya kisu ikipenya unasikia “fsss”, na hapo ndipo gesi inapoisha kweli, tena kwa mkono wako. Matundu hayo ni magumu kuziba yakadumu.

Kuna friji zisizoshika barafu, zile zenye feni ndani. Hizi hujiyeyusha zenyewe mara kadhaa kwa siku: kipo kikanza kidogo cha umeme nyuma ya ukuta wa friza kinachowaka kwa dakika chache na kuzima. Kikanza kikifa, au kifaa kinachokiamuru kikifa, barafu inajijenga mahali usipopaona, inaziba njia ya hewa, feni inakosa cha kusukuma. Dalili yake ni ya wazi: juu kwenye friza kunaganda, chini kwenye mboga kuna joto. Ukiona hivyo, gesi huenda haihusiki kabisa. Chomoa friji siku nzima, milango wazi, iyeyuke yote, kisha washa. Ikirudi kuwa nzima kwa wiki moja au mbili halafu ikalegea tena, umeshapata jibu la kumpa fundi: mwambie aangalie mfumo wa kuyeyusha.

Na ukikuta maji yamekusanyika chini ya droo za mboga, tafuta kijitundu nyuma, chini ya ukuta wa ndani. Ndicho kinachopeleka maji kwenye sinia iliyo juu ya kompresa, ambako moto wa mota huyakausha. Kikizibwa na kijani cha mchicha, maji yanabaki ndani. Kizibue kwa kijiti laini na maji ya uvuguvugu.

Mtuhumiwa wa nne ni umeme, na huyu ndiye anayeua kompresa nyingi. Friji zetu zimetengenezwa kwa umeme wa volti 220 hadi 240. Umeme ukiwa mdogo, mota inajaribu kuanza, haiwezi kuzunguka, inanguruma, inapata moto, halafu unasikia “tik”, kinga yake imekata. Baada ya dakika chache inajaribu tena, “tik”. Sauti hiyo ukiisikia, zima friji. Huenda ni umeme mdogo wa jioni, huenda ni rilei, kile kifaa kidogo kilichobanwa ubavuni mwa kompresa kinachoisaidia kuanza. Rilei ni kitu cha bei ndogo. Kompresa ni ya bei kubwa. Ukiiacha ijaribu usiku kucha, asubuhi utakuwa unanunua cha bei kubwa.

Hatari nyingine ni umeme unaokatika na kurudi papo hapo. Kompresa ikizimwa, ndani ya mabomba mgandamizo unakuwa bado juu upande mmoja na chini upande wa pili, na unahitaji dakika tatu hadi tano kusawazika. Umeme ukirudi kabla ya hapo, mota inalazimishwa kuanza ikiwa imeelemewa. Ndiyo kazi ya friji gadi: inasubiri dakika hizo ndipo inaruhusu umeme upite, na inakata umeme ukishuka au ukipanda mno. Kama huna, basi umeme ukikatika chomoa friji, na ukirudi hesabu dakika tano kabla ya kuchomeka. Mahali ambapo umeme ni mdogo kila siku, friji gadi itakata tu; hapo kinachotakiwa ni stabilaiza, inayoupandisha umeme.

Nikiwa hapo hapo kwenye umeme: ukigusa friji ikakung’ata, usicheke. Waya wa ethi haupo au haufanyi kazi. Wapo wanaochomeka plagi ya miguu miwili kwenye soketi ya miguu mitatu kwa kusukuma tundu la ethi kwa kalamu. Friji ya bati, sakafu yenye maji, mtoto peku. Weka plagi ya miguu mitatu yenye ethi ya kweli, na usiunganishe friji kwenye ekstensheni moja na pasi na birika.

Umewakagua wanne hao, wote wako sawa. Sasa pima. Chukua kipimajoto cha bei rahisi, kiweke ndani ya glasi ya maji katikati ya friji, ukisome asubuhi. Kinachotakiwa ni nyuzi 4 au 5, na friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Kumbuka ile swichi ya namba: namba kubwa ndiyo baridi zaidi. Lakini kuipeleka mwisho wakati wa kaskazi hakusaidii friji iliyochoka. Kunaifanya isizime kabisa.

Dalili za gesi kupungua kweli zipo, na hazifichiki. Kompresa inazunguka bila kusimama, lakini wavu wa nyuma hauna joto. Friza inashika barafu kwenye kipande kimoja tu, penginepo pakavu. Kwenye maungio ya bomba kuna alama ya mafuta. Ukiziona hizo, mwite fundi, na hapo ndipo unapotakiwa kuwa na maswali.

La kwanza: inavuja wapi? Fundi anayejaza bila kutafuta tundu amekuuzia miezi michache. Uvujaji unatafutwa kwa povu la sabuni kwenye maungio, au kwa kifaa cha kunusa gesi. Na kama tundu liko ndani ya kuta zilizojazwa sponji, fundi mwaminifu atakwambia gharama haifai.

La pili: utabadilisha draya? Hili ni chujio dogo la shaba linalonyonya unyevu na kushika takataka. Kila mfumo unapofunguliwa, hewa yenye unyevu inaingia, na chujio la zamani halifai tena. La tatu: utavuta hewa yote kwa pampu? Unyevu ukibaki ndani, unaganda kwenye mdomo wa kile kijibomba chembamba na kuziba njia. Friji inagandisha, inaacha, inayeyuka, inagandisha tena. Wengi wamejaziwa gesi mara mbili kwa sababu ya tone la maji.

La nne: utatia gesi gani, gramu ngapi? Jibu limeandikwa kwenye kibandiko ndani ya friji au kwenye kompresa. Na hapa kuna historia fupi inayotuhusu. Friji za zamani zilitumia R12, iliyokuja kugundulika inaharibu tabaka la ozoni, na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ikaanza kuiondoa. Ikafuata R134a, isiyogusa ozoni lakini inayopasha dunia joto, kilo kwa kilo, zaidi ya mara elfu moja ya hewa ya ukaa. Mwaka 2016 mataifa yalikutana hapa jirani, Kigali, yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo, na makubaliano yakaanza kufanya kazi Januari 2019. Ndiyo maana friji nyingi mpya zina R600a. Hii haina madhara makubwa kwa hali ya hewa, lakini inawaka moto. Kiasi chake ni kidogo, hakizidi gramu 150 kwa friji ya nyumbani na mara nyingi ni chini ya hapo sana, kwa hiyo inapimwa kwa mzani. Fundi akitaka kuchomelea bomba lenye R600a kabla ya kuitoa gesi nje ya nyumba, mzuie. Na akitaka kutia R134a kwenye kompresa ya R600a kwa sababu ndiyo aliyonayo, mzuie vilevile. Kila kompresa ina gesi yake.

Neno kwa wanaonunua friji za mtumba. Soma kibandiko kabla ya kusoma bei. Umeme wa Japani ni volti 100, wa Marekani ni 120; friji ya huko ukiichomeka ukutani bila transfoma inaungua siku hiyohiyo. Tafuta pia herufi za hali ya hewa. SN na N zimetengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32. ST inafika 38, na T inafika 43. Nyumba yenye paa la bati, mwezi wa pili, Dar es Salaam, inapita 32 bila shida. Friji ya N hapo itazunguka mchana kutwa ikishindwa, na utaambiwa gesi imeisha, kumbe ilitengenezwa kwa nchi ya watu wenye makoti. Na ikisafirishwa imelazwa, isimamishe saa kadhaa kabla ya kuiwasha, ili mafuta yarudi kwenye kompresa.

Mwisho, chakula. Umeme ukikatika, usifungue mlango kuangalia kama bado kuna baridi. Friji iliyofungwa inahimili kama saa nne. Friza iliyojaa inahimili hadi saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Kwa hiyo friza yenye nafasi ijaze chupa za maji. Zikiganda ni akiba ya ubaridi. Ukisafiri, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta imezama, friza iliyeyuka ukiwa haupo, na ile nyama iliyoganda tena isikudanganye. Samaki, nyama, maziwa na maharage yaliyopikwa vikikaa kwenye joto zaidi ya saa mbili, vitupe. Pua haioni kila sumu.

Msikilizaji, mafundi wazuri tunao, na fundi mzuri hachukii kuulizwa. Safari nyingine ukiambiwa gesi imeisha, usikimbilie mfuko. Kagua mlango, mgongo, barafu na umeme. Vyote vikiwa salama, mwambie fundi kwa heshima kabisa: “Sawa, fundi. Nionyeshe kwanza inapovuja.” Akikuonyesha, mlipe, maana amefanya kazi. Asipoweza, mtafute mwingine.